Aussems Alifeli Ingwe? Cheki Deni Kabla Umlaumu Kocha

Wasee wa Amu, timu yenu ikichapwa mechi tatu mfululizo, wa kwanza kutimuliwa ni nani? Kocha, si ndio? Basi cheki stori ya AFC Leopards.

Mwaka 2021 Ingwe walimleta Patrick Aussems, Mbelgiji aliyeifikisha Simba robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika 2019, na msimu huo huo akabeba ubingwa wa Tanzania. Huyo si kocha wa mchezo. Lakini 2023 aliondoka bila taji la ligi, lile ambalo Ingwe walikuwa wamelingoja tangu 1998.

Noma ilianzia wapi? Kwa doo. SportPesa waliondoa udhamini 2019, mishahara ikakwama, kocha Casa Mbungo na wachezaji kadhaa wakasepa wakidai chao. Kesi zikafika FIFA, klabu ikafungiwa kusajili. Aussems akabaki kupanga vijana dhidi ya timu zilizokuwa zinaongeza watu. Vijana walijituma vibaya sana, lakini ligi ni ndefu na benchi lilikuwa fupi.

Na wewe wa Amu unaijua hii: nahodha awe moto vipi, jahazi lenye tanga lililoraruka halishindi mashindano. Badilisha nahodha kila wiki ukitaka, tanga ni lile lile.

Kwa hivyo kabla hamjampiga chini kocha wenu, ulizeni viongozi swali moja tu: yule aliyetangulia, alilipwa?