Mtoto Ameombwa Yai Chekechea: La Nini?

Mzazi wa PP1 au PP2 akiombwa yai, huuliza kama mtoto alienda kusoma au kupika. Ni swali la haki, maana yai ni pesa.

Trei hubeba mayai 30, safu 5 za mayai 6. Mtoto akiyapanga, tayari anahesabu. Yakitiwa kwenye maji baridi, yai jipya huzama. Lililokaa sana huelea kwa sababu hewa imeongezeka ndani. Hiyo ni sayansi.

Rangi hainunuliwi. Mwalimu huchemsha maganda ya vitunguu vyekundu, akayaacha maji yapoe. Mtoto huchora kwa mshumaa juu ya yai jeupe lililoiva, kisha hulilowesha humo. Ganda hugeuka hudhurungi, ila palipopita mshumaa hubaki peupe.

Kutoka Mbita hadi Isebania tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji hutokota kabla ya nyuzi 100. Basi mayai yachemke dakika 12 kamili. Jikoni ni kwa mwalimu peke yake.

Yai huliwa siku hiyo hiyo. Kama mwanao hutokwa na vipele akila mayai, mwarifu mwalimu mapema.