Upatanisho wa Kisarufi katika Uteuzi wa Kiunzi cha Kiolesura

Waundaji wa programu za kompyuta za mezani huteua kiunzi cha kiolesura kwa kuzingatia kasi, leseni na uzito wake, sarufi husahaulika. Katika Kiingereza, kitenzi kisichobadilika hufuata jina la kitu chochote kilichofutwa. Kiswahili hudai picha imefutwa, jedwali limefutwa, vitabu 3 vimefutwa. Qt, na GTK kupitia gettext, humpa mfasiri sentensi nzima yenye umoja na wingi. Electron humwachia mtayarishi atafute maktaba ya tafsiri mwenyewe. Hata hivyo, hakuna kati ya hivyo kinachotambua ngeli. Ujumbe ukiungwa kwa vipande ndani ya msimbo, mfasiri hana pa kuusahihisha. Hati za zabuni za serikali zidai sentensi kamili kwa kila aina ya kitu, kabla msimbo haujaandikwa.