Ngeu ya Seremala na Mkono wa Mchoraji

Katika Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596 kando ya Mji wa Kale wa Mombasa, imehifadhiwa michoro ya ukutani ya karne ya 17 iliyotoka katika buruji la San Matias, ambamo merikebu, watu, samaki na hata kinyonga vilichorwa kwa mkaa na ngeu, na ambayo huaminika kuwa kazi ya askari wa Kireno.

Ngeu ni udongo mwekundu ambao seremala wa pwani huujua vyema: uzi uliopakwa ngeu huvutwa ukakazwa juu ya ubao, ukafyatuliwa, ukaacha mstari mnyofu wa kufuatwa na msumeno. Mstari huo hausemi lolote kuhusu aliyeupiga, kwa kuwa uliochora ni uzi wala si mkono. Mstari wa mkono mtupu ni mwingine kabisa, kwani hunenepa pale mkono ulipokandamiza, hukonda pale ulipokwenda mbio, na hukatika pale uliposita, hata mtazamaji akaweza kuifuata hali ya mchoraji kama afuataye nyayo mchangani.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa picha za uso za uekspreshonisti, yaani mkondo wa sanaa uliochipuka Ujerumani mwanzoni mwa karne ya 20, ambao hutanguliza hisia mbele ya mfanano. Mkondo huo ulifika pwani ya Waswahili pamoja na Irma Stern, mchoraji wa Afrika Kusini aliyesomea Ujerumani na kuungwa mkono na Max Pechstein, mmoja wa wachoraji wa mkondo huo, akaja Unguja mwaka 1939 na 1945 kuchora watu wa huko, kisha mwaka 1948 akachapisha kitabu alichokiita Zanzibar.

Penseli huufaa mkondo huo kwa sababu ncha yake ni mchanganyiko wa grafiti na udongo wa mfinyanzi: grafiti ikizidi, ncha huwa laini na nyeusi, kama ile ya 6B, udongo ukizidi, huwa ngumu na hafifu, kama ya 2H. Achoraye uso wa mzee kwa namna hii hana haja ya kuhesabu kila kunyanzi. Huweza kukandamiza mstari mmoja mzito chini ya jicho, akaujaza upande wa shavu wenye kivuli kwa michirizi ya haraka iliyopishana, akauacha upande wa pili karatasi tupu, wala asiufute mstari wa kwanza wa taya uliokosea, kwa kuwa ule wa pili ukikaa kando yake, uso huonekana kana kwamba ulikuwa ukigeuka.

Anayetaka kujifunza hayo na aanzie Ngomeni, aufuate kwa jicho mstari mmoja wa merikebu tangu unapoanzia hadi unapoishia, kisha ndipo aichonge penseli.