Saiwa, hifadhi inayotembelewa kwa miguu

Kaunti ya Trans Nzoia inasifika kwa mahindi. Anayetoka Kitale na kushika barabara ya Kapenguria huona mashamba kulia na kushoto, Mlima Elgon ukiwa upande mmoja na vilima vya Cherangani upande wa pili. Ni rahisi apite bila kujua kwamba pale bondeni, kwenye kinamasi cha Mto Saiwa, kuna hifadhi ya taifa. Saiwa Swamp ina takribani kilomita 3 za mraba tu na ndiyo hifadhi ya taifa iliyo ndogo kuliko zote nchini Kenya. Tsavo Mashariki ina zaidi ya kilomita 13,000 za mraba.

Gari huachwa langoni. Humu hakuna barabara za kuzungushia watalii, wala hakuna simba au tembo wa kumzuia mtu kutembea. Kuna vijia vinavyopita kati ya msitu na matete, madaraja ya mbao juu ya matope, na majukwaa ya kupanda ili kutazama kinamasi kwa juu. Asubuhi moja inamtosha mwenye mwendo wa wastani kuizunguka hifadhi yote bila haraka.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja: nzohe. Huyu ni jamaa ya pongo na tandala, ila maisha yake yote ni ya majini. Kwato zake ni ndefu na hupanuka anapokanyaga, hivyo uzito wake husambaa na hazami kwenye tope. Manyoya yake yana mafuta yanayozuia maji kupenya. Akishtuka hukimbilia maji ya kina na kujizamisha, akabakiza pua tu juu ili apumue. Kwato hizohizo humfanya awe mzito akiwa nchi kavu, na ndiyo maana haondoki kwenye matete. Kinamasi kikikauka, hana pa kukimbilia.

Kumwona kunahitaji subira. Hutoka kula alfajiri na jioni, na mchana hulala juu ya majani aliyoyakanyagakanyaga yakawa kitanda. Anayetaka kumwona apande jukwaani kabla jua halijachomoza, anyamaze, kisha apitishe darubini polepole kwenye kingo za matete. Mara nyingi kinachoonekana kwanza ni sikio linalopunga nzi.

Wanaosubiri nzohe ndio hugundua utajiri wa pili wa Saiwa, yaani ndege. Zaidi ya spishi 370 zimeorodheshwa hapa, idadi kubwa mno kwa eneo dogo kiasi hiki. Sababu yake ni mpangilio wa mazingira. Ndani ya mwendo wa dakika chache mtu hupita kwenye maji, matete, nyasi na msitu, na kila sehemu ina ndege wake. Mdiria huvizia samaki kutoka kwenye tawi lililoinamia mto, dudumizi huita kutoka ndani ya matete, na hondohondo hupita juu ya miti kwa kelele. Kati ya Oktoba na Aprili huongezeka wageni kutoka Ulaya na Asia wanaokimbia baridi ya kwao.

Shorobo wa Ross anastahili kusubiriwa. Akitulia kwenye mti wa matunda, huonekana ndege mweusi wa zambarau mwenye mdomo wa manjano. Akiruka, mabawa yanafunguka na wekundu mkali unatokea. Ndege wengi wekundu hupata rangi hiyo kutokana na chakula wanachokula, lakini wekundu wa shorobo hutengenezwa mwilini mwake na una madini ya shaba ndani yake. Rangi hiyo haipatikani kwa ndege wa jamii nyingine yoyote.

Anayeanza kutazama ndege asihangaike kwanza na majina. Aangalie umbo la mdomo, urefu wa miguu, jinsi ndege anavyotembea na mahali alipo: chini, kati au kileleni mwa mti. Asikilize sauti, kwa kuwa msituni sikio hutangulia jicho. Baada ya hapo afungue kitabu cha ndege. Mwongoza wageni wa eneo hilo atamfundisha kwa saa mbili mambo ambayo peke yake angeyatafuta kwa miezi.

Ndege anayependwa zaidi na majirani wa Saiwa ni korongo taji, yule aliyemo kwenye bendera ya Uganda. Hula wadudu na mbegu mashambani, lakini hujenga tago lake kinamasini kwa kurundika majani ndani ya maji, na kwa kawaida hutaga mayai mawili au matatu. Tangu mwaka 2012 amewekwa kwenye orodha ya kimataifa ya spishi zilizo hatarini kutoweka. Vinamasi vinakaushwa ili vilimwe, makinda yanakamatwa na kuuzwa, na sumu za mashambani zinaua. Katika eneo la Kipsaina, kando ya hifadhi, wanakijiji waliunda kikundi cha kulinda korongo na ardhi oevu, wakaanzisha vitalu vya miche ya kienyeji. Kazi yao ina uzito kwa kuwa hatima ya Saiwa inaamuliwa nje ya mipaka yake.

Mto Saiwa hupita mashambani kabla ya kuingia hifadhini, nao huja na udongo uliomomonyoka na mbolea iliyosombwa na mvua. Kinamasi hufanya kazi ya chujio: maji hupunguza kasi, udongo hutuama, na mizizi ya matete hufyonza virutubisho vilivyozidi. Maji yakitoka huko huungana na Mto Nzoia na kuelekea Ziwa Victoria kupitia Budalang'i, ambako mafuriko yamewahamisha watu mara nyingi. Kila kinamasi kinachokaushwa juu huyaacha maji yateremke kwa kasi zaidi kuelekea chini.

Kanuni za Kenya zinakataza kulima ndani ya mita 6 hadi 30 kutoka ukingo wa mto. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa wakati huo, John Michuki, aliagiza mikaratusi ing'olewe kandokando ya mito na chemchemi, kwa sababu miti hiyo hunywa maji mengi. Hata hivyo, mwenye ekari moja na watoto wa kusomesha haachi kulima ukingoni kwa kusomewa kanuni tu. Anahitaji kitu cha kuweka mahali pake, kama vile mizinga ya nyuki, nyasi za ng'ombe, miti ya kienyeji, au mgeni anayelala kijijini na kulipia huduma ya mwongozaji.

Hapo ndipo msafiri ana nafasi yake. Miezi ya Desemba hadi Februari ndiyo mikavu zaidi, na hata hivyo gambuti au viatu visivyopitisha maji ni vya lazima. Nguo ziwe za rangi ya majani au udongo, simu iwe kimya, na ndege wasichezewe sauti zilizorekodiwa wakati wa kutaga. Mgeni alale karibu usiku mmoja ili awahi alfajiri, na amchukue mwongozaji wa pale pale. Anayekwenda Kitale kwa shughuli nyingine aongeze siku moja kwa ajili ya Saiwa.