Vita vya Madume, Ushindi wa Majike: Mafunzo Kutoka Mikumi

Kila mfugaji wa mbuzi wilayani Kilosa amepata kuwaona mabeberu wawili wakisimama kwa miguu ya nyuma, kisha wakigonganisha vichwa kwa kishindo, ilhali majike wanaendelea kula majani kana kwamba hakuna lililotukia. Kusini mwa mji wa Kilosa, katika mbuga za Mkata zilizomo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964, mambo ya namna hiyo huonekana pia miongoni mwa swala pala, twiga na tembo. Kwa nini wapiganao namna hii aghalabu ni madume? Na je, ni kweli kwamba majike hawashindani?

Chanzo cha tofauti

Mwaka 1871 Charles Darwin alieleza kwamba viungo vingi vya madume, kama vile pembe na meno makubwa, vilitokana na kushindania majike. Mwaka 1972 Robert Trivers aliongeza hoja iliyo msingi wa elimu hii hadi leo: jinsia inayogharimika zaidi katika kuzaa na kulea ndiyo itakayoshindaniwa na jinsia ya pili.

Tembo ni mfano ulio wazi. Jike hubeba mimba kwa miezi 22, kisha hunyonyesha kwa miaka kadhaa. Kwa kawaida huzaa ndama mmoja tu katika kila miaka minne au mitano. Hata akipandwa na madume kumi, idadi hiyo haiongezeki. Dume, kwa upande wake, aweza kuzaa ndama wengi kwa mwaka mmoja, mradi awapate majike. Kwa kuwa wakati wowote majike walio tayari kupandwa ni wachache na madume wanaowataka ni wengi, ushindani hauepukiki. Mshindi huwarithisha watoto wake maumbile yaliyompa ushindi. Kwa njia hiyo, kizazi baada ya kizazi, dume wa tembo amefikia uzito uwezao kuwa tani 6, karibu mara mbili ya jike. Dume wa nyani naye amekuwa na uzito unaokaribia mara mbili ya jike wake. Na kwa swala pala ni dume peke yake aliye na pembe.

Gharama ya ushindi

Hata hivyo, vita ni ghali. Dume wa swala pala anayemiliki eneo hushinda akikoroma, akiwafukuza wapinzani na kuwazuia majike wasitoke. Muda wa kula humpungukia, naye hukonda. Baada ya majuma au miezi michache hushindwa na dume mwenye nguvu mpya atokaye katika kundi la madume wasio na majike.

Kwa sababu hiyo ugomvi mwingi huisha bila pigo. Mwaka 1981 Joyce Poole na Cynthia Moss, waliokuwa wakichunguza tembo wa Amboseli, Kenya, walieleza hali ya harara ya madume waliokomaa. Wakati huo homoni za kiume huongezeka sana, majimaji hutiririka kutoka katika tezi zilizo baina ya jicho na sikio, na mkojo hudondoka mfululizo. Dume asiye katika hali hiyo, hata akiwa mkubwa, aghalabu humpisha aliye nayo. Mapigano makali hutokea hasa pale madume wawili walio sawa kwa umbo na kwa hali wanapokutana, na hapo mmoja aweza kuuawa.

Mashindano ya majike

Lakini mwenye kutazama vita vya madume peke yake huiona nusu tu ya habari. Nyani wa manjano wa Mikumi wamechunguzwa tangu miaka ya 1970. Dume akomaapo huhama kundi alimozaliwa. Jike hubaki na mama yake na kurithi daraja lake. Katika makala ya mwaka 1983, Samuel Wasser na David Barash walionyesha kwamba majike wa nyani huungana kuwashambulia majike wenzao na kuwavurugia uzazi, na hivyo kupunguza watoto watakaoshindana na wao. Kwa fisi madoadoa, jike ni mkubwa kuliko dume na humtawala.

Tembo wa Mikumi wametoa ushahidi mzito zaidi. Kabla ya biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu kupigwa marufuku mwaka 1989, majangili waliua tembo wengi hifadhini, wakiwamo majike wazee waongozao koo. Kati ya mwaka 2003 na 2005, kwa muda wa miezi 25, Kathleen Gobush, Wasser na Benezeth Mutayoba wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walichunguza majike 218 katika makundi 109, wakipima homoni za mfadhaiko katika kinyesi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Majike walioishi bila kiongozi mzee, na pamoja na wenzao wasio ndugu wa karibu, walikuwa na mfadhaiko mkubwa zaidi na uzazi mdogo zaidi. Bunduki zilikuwa zimenyamaza kwa zaidi ya miaka kumi, lakini pengo la wale wazee lilikuwa halijazibika.

Hivyo basi, dume hufanikiwa kwa kumshinda mpinzani katika kipindi kifupi cha nguvu zake. Jike wa tembo hufanikiwa kwa kuishi miaka mingi pamoja na ndugu zake.

Zoezi kwa wanafunzi

Litazameni kundi la mbuzi kwa muda wa saa moja. Andikeni ni mara ngapi mabeberu walikabiliana, na ni mara ngapi mmoja alikubali kushindwa bila kugongwa. Kisha watazameni majike kwa saa nyingine nzima: nani humpisha nani penye majani mazuri, na mtoto wa nani hula karibu na mama yake. Linganisheni madaftari yenu.