Wino Usiokauka: Taa za Urujuanimno na Maandishi ya Ndoo Zetu (2)

Katika masoko ya Moshi, Himo na Holili muuza maharage hakutajii kilo, anakutajia sado. Neno hilo limetoka kwenye kopo la rangi la Sadolin la lita 4, lililogeuzwa kipimo baada ya rangi kwisha. Jina lililoandikwa ubavuni mwa kopo limeishi kuliko kilichokuwamo ndani, mpaka likawa msamiati wa soko. Wiki iliyopita tulitazama skrini na vibao vinavyopeleka wino kwenye chombo cha plastiki. Leo tunauliza wino huo unashikaje na kwa nini wakati mwingine haushiki. Dai langu ni kwamba maandishi ya ndoo hukamilishwa na taa, si wino, na kwa sababu hiyo mtu anayekagua lebo kwa kuisoma tu hajaikagua bado. Jambo hili si dogo kwa mpaka wa Holili na Taveta, ambako tangu kituo cha pamoja kizinduliwe rasmi mwaka 2016 mzigo hukaguliwa mara moja tu, katika nchi unakoingia. Fursa ya kugundua kasoro ni hiyo moja.

Karatasi hunywa wino, plastiki hainywi. Ndoo nyingi ni za polietilini au polipropilini, na juu ya plastiki hizo kimiminika hujikusanya kuwa matone, kama maji juu ya jani la gimbi. Ndiyo maana kiwandani ndoo hubabuliwa kwanza kwa ulimi wa moto, upesi sana, ili uso wake upate oksijeni kidogo na kukubali kushikwa. Halafu linakuja suala la ukaushaji. Wino wa zamani uliochanganywa na tina hukauka tina inapopaa hewani, na anayetaka haraka huongeza joto. Lakini polietilini ngumu huyeyuka karibu na nyuzi 130 za Selsiasi, na ndoo hupinda kabla ya kufika hapo. Wino wa urujuanimno unakwepa tatizo hilo kwa sababu hauna haja ya kupaa. Ndani yake mna molekuli fupi fupi za majimaji na kichochezi kinachovunjika kinapopigwa na mionzi. Vipande vyake huziunganisha molekuli hizo kuwa wavu mmoja mgumu, tena kwa chini ya sekunde moja. Tofauti yake na wino wa tina ni ile ya yai na tope. Tope lililokauka ukilimwagia maji linarudi kuwa tope. Yai likishaiva halirudi kuwa ute.

Sasa tuitazame taa yenyewe. Ile iliyozoeleka ni mrija wa kioo cha kwatzi wenye mvuke wa zebaki, unaotoa mionzi ya nanomita 254, 313 na 365 pamoja na mwanga wa buluu unaoonekana kwa macho. Kioo cha kawaida hakifai, kwa kuwa huzuia mionzi mifupi. Kuta za mrija hupata moto wa nyuzi 600 na zaidi, hivyo ndoo lazima ipite mbio huku ikizungushwa ili kila upande upate zamu. Mawimbi mafupi huivisha uso wa wino. Marefu huzama hadi chini, pale wino unapokutana na plastiki. Lakini taa hii ina hila, na hapo ndipo hoja yangu inapokaa. Baada ya saa 1,000 hadi 2,000 za kazi, kwatzi huingia ukungu na mionzi isiyoonekana hupungua sana, ilhali ule mwanga wa buluu unabaki uking'aa karibu kama mwanzo. Fundi anaangalia, anaona taa inawaka, anaendelea na kazi. Ndoo zinatoka na maandishi meusi ya kupendeza yaliyoiva juu na kubaki mabichi chini. Ongeza umeme wetu: ukikatika kwa sekunde chache tu, taa ya zebaki haiwaki tena papo hapo, lazima ipoe kwanza, kisha ipashwe moto dakika kadhaa ndipo irudi kwenye nguvu yake. Mwenye haraka ya kumaliza oda atapitisha ndoo kabla ya dakika hizo kutimia. Dawa ni kipimo cha mionzi kinachopitishwa chini ya taa pamoja na ndoo, na daftari la saa za taa. Jicho halina kazi hapa.

Kuna watakaouliza: jua la tambarare za Holili linatoa urujuanimno bure, kwa nini ndoo zisianikwe? Swali ni la haki, maana jua letu ni kali, na ukipanda mlima mionzi hiyo huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila mita 1,000. Lakini adhuhuri ya jua kali hutoa miliwati chache tu za mionzi mirefu ya urujuanimno kwa kila sentimita ya mraba, na mingi ya mionzi mifupi huishia kwenye tabaka la ozoni. Taa ya kiwandani inazidi kiasi hicho mara mia kadhaa, pengine mara elfu. Uchache huo hauwezi kufidiwa kwa kuanika muda mrefu, kwa sababu oksijeni ya hewani hudaka vile vipande vya kichochezi kabla havijaanza kuunganisha molekuli. Mionzi ikija kwa kishindo, oksijeni inazidiwa. Ikija kidogo kidogo, oksijeni inashinda na uso wa wino unabaki ukinata. Jua lina kazi nyingine juu ya ndoo, nayo ni kupausha maandishi yake mwaka hadi mwaka.

Wengine watasema tubandike karatasi, yaishe. Kwa chupa ya maji inayonywewa na kutupwa, sina ubishi. Kwa ndoo itakayoshikwa kwa mikono yenye mafuta na kuoshwa kila wiki, karatasi haifiki mwezi.

Pingamizi zito ni la afya. Novemba 2005 Italia iliagiza kukamatwa kwa takriban lita milioni 30 za maziwa ya watoto ya Nestlé, baada ya kukutwa ndani yake ITX, kichochezi cha wino wa urujuanimno uliochapwa nje ya boksi. Wino haukupenya ukuta wa boksi. Malighafi ya boksi huviringwa baada ya kuchapwa, upande wa nje ukalalia upande wa ndani, na mabaki ya kichochezi yakahama kwa kugusana. Mamlaka ya Ulaya ya Usalama wa Chakula ilisema viwango vile havikuwa vya kutia hofu kiafya, lakini hakuna aliyedai kwamba ITX ilikuwa na haki ya kuwa ndani ya maziwa ya mtoto. Sasa tazama ndoo zinavyosafirishwa: zinapachikwa moja ndani ya nyingine, ubavu wenye maandishi ukielekea ukuta wa ndani wa ndoo nyingine, ule utakaoshika mafuta ya kula au asali. Wino uliobaki mbichi chini ya taa chovu ukigusa hapo, una njia ileile. Nakubali kwamba hata wino ulioiva vizuri hubakiza kichochezi kidogo, na vyombo vya chakula vinahitaji wino uliotengenezwa usihame. Hilo halidhoofishi hoja ya taa, kwa kuwa hata wino bora, ukiachwa mbichi, huhama.

Taa za LED, zinazotoa nanomita 365 hadi 405, zinaondoa sehemu ya shida hizi. Zinawaka na kuzimika papo hapo, hazina zebaki, na hufikisha saa 20,000. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki mwaka 2020, na ingawa orodha ya taa katika mkataba huo inalenga hasa zile za mwanga wa kawaida, mwenye kiwanda anayenunua mtambo leo ana sababu ya kutazama mbele. Asifanye kosa moja tu: LED haina mionzi mifupi, kwa hiyo wino uliokusudiwa taa ya zebaki utabaki ukinata chini yake. Taa na wino hununuliwa pamoja.

Kiwango cha kimataifa cha Codex cha mwaka 1985 kuhusu lebo za vyakula vilivyofungashwa kinataka maandishi yasiyofutika. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula umo mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), kwa hiyo mwenye kusoma lebo na mwenye kupima chombo ni mmoja. Kipande cha selotepu na pamba yenye spiriti vinatosha kuonyesha kama wino umeshika, ingawa haviwezi kuonyesha kilichohama. Hilo ni la maabara. Na ndoo ya kupimwa isiwe ile ya juu ya rundo, ambayo haijabanwa na kitu. Ivutwe ya katikati, iliyokaa siku nyingi chini ya uzito, na baada ya kusugua ubavu wake mkaguzi ageuze macho kwenye ndoo iliyokuwa imeibeba, atafute kivuli cha herufi kwenye ukuta wake wa ndani.

(Itaendelea)