Goti Linalovimba Bila Kugongwa: Ijue Hemofilia na Sindano Yake

Hebu tuanze na swali. Je, darasani kwenu yupo kijana ambaye kila baada ya wiki kadhaa goti lake linavimba kama papai? Hajaanguka, hajagongwa, ameamka tu asubuhi goti limejaa na lina moto. Anakosa shule siku nne tano, akirudi anachechemea. Wengine wanasema amelogwa. Wengine wanasema anakwepa mchakamchaka. Na ukiuliza nyumbani kwao utaambiwa mjomba wake naye alikuwa hivyo hivyo, akafariki kijana kwa kung'olewa jino tu.

Shika hapo kwenye huyo mjomba, tutarudi kwake.

Huenda kijana huyo ana hemofilia. Ni ugonjwa wa kurithi ambao damu inachelewa sana kuganda. Ukijikata, mwili hutengeneza gundi ya kuziba mshipa, na gundi hiyo hutengenezwa na protini nyingi zinazofanya kazi kwa zamu, kama watu wanaopokezana ndoo za maji wakati nyumba inaungua. Protini hizo zimepewa namba. Mwenye hemofilia A amepungukiwa na fakta namba 8, mwenye hemofilia B amepungukiwa na namba 9. Mmoja akikosekana kwenye mstari, ndoo haifiki.

Watu wengi wanadhani mwenye hemofilia akichubuka kidogo atamwaga damu yote. Si hivyo. Balaa kubwa lipo ndani: goti, kiwiko, kifundo cha mguu. Damu inavuja ndani ya kiungo, kiungo kinavimba, na ikitokea mara nyingi gegedu inaliwa mpaka kiungo kinakakamaa. Kijana wa miaka 17 anatembea kama mzee. Hiyo ndiyo hasara tunayotaka kuizuia.

Kwa nini mjomba?

Kumbuka somo la baiolojia. Msichana ana kromosomu X mbili, mvulana ana X moja na Y moja. Kasoro ya hemofilia imekaa kwenye X. Mama mwenye X moja mbovu na moja nzima mara nyingi haugui, lakini kila mtoto wa kiume atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua, na kila binti ana nafasi nusu kwa nusu ya kuibeba kasoro hiyo. Ndiyo maana ugonjwa unaruka kutoka kwa mjomba hadi kwa mpwa, na watu wakaona ni mkosi wa upande wa mama. Hakuna mkosi hapo. Malkia Victoria wa Uingereza aliibeba kasoro hii. Mwanawe Leopold alifariki mwaka 1884 baada ya kuanguka, na mabinti zake wakaipeleka hadi kwa wafalme wa Urusi na Hispania. Takriban theluthi moja ya wagonjwa hawana hata ndugu mmoja aliyeugua. Kasoro imeanza kwao. Kwa hiyo kusema "kwetu hakuna" hakutoshi.

Hemofilia A humpata takriban mvulana mmoja kati ya 5,000 wanaozaliwa.

Na wewe dada unayesoma, usifunue ukurasa. Wapo wanaobeba kasoro hii ambao hedhi yao ni nzito kupita kiasi na inachukua siku nyingi. Kama kaka yako au mjomba wako ana hemofilia, mwambie daktari kabla hujafanyiwa upasuaji wowote, na baadaye kabla hujajifungua.

Mambo yanayoharibu

Goti likivimba, watu nyumbani wanataka kusaidia. Wanalichua kwa dawa ya moto, wanaliumika, wengine wanampeleka kwa mganga akachanjwe chale. Yote matatu ni hatari. Kuchua kunaongeza kuvuja, na chale ni jeraha jipya kwa mtu ambaye damu yake haigandi. Weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, pumzisha mguu uwe juu kidogo, nenda hospitali.

Dawa za maumivu nazo usinunue ovyo. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni zinazidisha kutoka damu. Parasetamoli ndiyo salama. Na ukienda zahanati kwa homa, sema mapema kwamba hutakiwi kuchomwa sindano ya msuli, ile ya kwenye nyama ya tako au paja. Inaweza kukuvimbisha mguu mzima.

Halafu tohara. Upareni mvulana kutahiriwa ni jambo la lazima, na hatusemi liachwe. Tunasema lifanyike hospitali baada ya daktari kupanga dawa ya kugandisha damu. Nyumba nyingi zimegundua hemofilia siku ya jando, na siku hiyo ni mbaya ya kugundulia.

Kuhusu viboko nitasema wazi: mwanafunzi mwenye hemofilia asichapwe kabisa. Kiboko ambacho mwenzake atakisahau jioni kinaweza kumvujisha damu ndani ya msuli. Mzazi apeleke barua ya daktari kwa mkuu wa shule siku ya kwanza ya muhula.

Sindano zenyewe

Ya zamani ni fakta yenyewe, iliyokosekana, inachomwa mshipani. Shida ni kwamba namba 8 haikai mwilini: kila baada ya saa 12 hivi nusu yake imekwisha. Kuzuia uvimbe kwa njia hiyo ni kuchomwa mshipani mara mbili au tatu kwa wiki, mwaka mzima.

Mwaka 2017 Marekani iliidhinisha dawa mpya iitwayo emisizumabu. Kwenye boksi utaona jina Hemlibra. Hii haijazi namba 8. Inashika namba 9 kwa mkono mmoja na namba 10 kwa mkono mwingine, inazikutanisha, kazi ambayo namba 8 ingefanya. Inachomwa chini ya ngozi, si mshipani, tena inakaa mwilini wiki nyingi. Baada ya dozi nne za mwanzo za kila wiki, daktari hupanga uendelee kila wiki, kila wiki mbili au kila wiki nne. Ni ya hemofilia A tu. Mwenye B haimsaidii.

Utasikia watu wanauliza, "Si dawa hizo zinaleta Ukimwi?" Swali lina historia. Miaka ya 1980 mwanzoni fakta ilitengenezwa kwa damu ya watu maelfu, na wagonjwa wengi duniani waliambukizwa VVU. Mmoja alikuwa Ryan White, mwanafunzi wa Indiana, Marekani. Aligundulika Desemba 1984 akiwa na miaka 13, shule yake ikamkataa mwaka 1985, akafariki Aprili 1990. Tangu hapo fakta husafishwa kwa njia za kuua virusi, na emisizumabu haitokani na damu ya mtu hata kidogo, hutengenezwa maabara.

Kuitunza kwenye joto la Mwanga

Hapa ndipo kuna kasheshe. Dawa inataka ikae kati ya nyuzi 2 na 8, isigande, isipigwe na mwanga. Ukikaa Usangi au Ugweno milimani, baridi ipo. Lakini bondeni, kuanzia Kifaru mpaka Lembeni, mchana joto linapita nyuzi 30 kirahisi, na umeme nao unajua mwenyewe. Chupa ambayo haijafunguliwa inaweza kukaa nje ya friji, lakini jumla isizidi siku 7, na joto lisizidi nyuzi 30. Ukiirudisha kwenye friji, siku zilizopita zinahesabika, hazifutiki. Andika tarehe kwenye boksi kila unapoitoa.

Kama kwenu hakuna friji, mwombe mganga mfawidhi wa kituo cha afya akutunzie, na uende kuchomwa palepale. Ukisafiri kutoka Moshi na dawa, ibebe kwenye kiboksi cha baridi, barafu ifungwe kwenye taulo isiguse chupa. Dawa iliyoganda imeharibika, usiiyeyushe ukaitumia. Na usiiache kwenye keria ya basi juani.

Usianze kujichoma mwenyewe mpaka nesi amekufundisha na amekuona ukifanya. Atakufundisha hivi: osha mikono kwa sabuni. Toa chupa kwenye friji, iache kama robo saa ipoe ubaridi yenyewe. Usiitie kwenye maji ya moto, usiitikise. Soma jina, tarehe ya mwisho na nguvu ya dawa. Maji yake yawe hayana rangi au ya njano kwa mbali. Yakiwa na ukungu au chembe, acha. Zipo chupa za miligramu 30 kwa mililita na za miligramu 150 kwa mililita, na hizi mbili hazichanganywi katika bomba moja. Dozi inategemea uzito wako, kwa hiyo dozi ya mdogo wako si yako.

Choma tumboni, mbali na kitovu kwa sentimita 5, au mbele ya paja. Nyuma ya mkono juu achome mtu mwingine. Kila mara badilisha mahali, epuka kovu, alama ya kuzaliwa na pale palipovilia damu. Finya ngozi, ingiza sindano, sukuma taratibu, toa, bonyeza kwa pamba bila kusugua. Wekundu na maumivu kidogo pale ulipochoma ni kawaida.

Dawa iliyobaki kwenye chupa haiwekwi akiba. Sindano haichangiwi hata na ndugu wa tumbo moja. Iliyotumika itie kwenye boksi la njano, lile manesi wanaliita sefti boksi, au kopo gumu lenye mfuniko, na ulirudishe kituoni. Si shimo la takataka ambako wadogo wanachezea.

Umesahau siku? Choma mara unapokumbuka, ilimradi dozi inayofuata haijafika siku yake. Usichome mbili siku moja.

Sindano hii inazuia, haizimi moto uliokwisha kuwaka. Goti likivimba licha ya dawa, bado utahitaji fakta hospitalini. Ukigonga kichwa, nenda hata kama hujisikii kitu. Ukifika, jambo la kwanza kusema ni, "Natumia emisizumabu," kwa sababu mbili: baadhi ya vipimo vya kuganda kwa damu vitaonyesha uko salama wakati huko salama, na ziko dawa nyingine za kugandisha ambazo zikichanganywa nayo kwa wingi damu inaganda pasipotakiwa. Tembea na kadi iliyoandikwa hivyo mfukoni, maana siku hiyo huenda usiweze kuongea.

Usiitafute kwenye duka la dawa la pale stendi, huipati. Ni ghali mno, na kwa nchi kama yetu dawa nyingi za hemofilia zinakuja kwa msaada wa Shirikisho la Hemofilia Duniani, ambalo mpango wake wa misaada ulianza 1996. Mwaka 2019 kampuni ya Roche ilikubali kutoa emisizumabu kwa ajili ya watu wapatao 1,000 wa nchi mbalimbali. Msaada huo humfikia aliyeandikishwa. Kwa hiyo huyo rafiki yako mwenye goti aende kituo cha afya aombe barua ya rufaa KCMC, Moshi, akapimwe. Muhimbili, Dar es Salaam, nako kuna kliniki ya hemofilia. Aende na mama yake, na mama aeleze habari za mjomba.